Testosteroni na Presha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mfamasia. Maswali ya homoni za kiume hayaulizwi kwa sauti. Mwanamume husubiri watu wapungue dirishani, hununua panadol kwanza, huhesabu chenji polepole, ndipo husema, "Halafu kuna kitu kingine." Hapa nimekusanya yale ya "kitu kingine" yanayohusu presha. Wanaoyauliza ni walioandikiwa testosteroni hospitalini, na wale ambao ndugu yao wa Marekani au Ghuba amewatumia kichupa ndani ya begi la nguo. Daktari wako anabaki kuwa daktari wako. Mimi nakuandaa tu uende kumuuliza vizuri.

Kurudishia testosteroni maana yake nini hasa?

Testosteroni hutengenezwa na korodani kwa amri ya tezi ya pituitari, kijitezi kidogo kilichoning'inia chini ya ubongo. Ndiyo inayoleta ndevu, sauti nzito, misuli, hamu ya tendo la ndoa, na pia inahimiza mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu. Hilo la chembe nyekundu likumbuke, tutalirudia.

Kuna wanaume ambao kiwanda chao kimeharibika kweli. Yupo aliyeugua matubwitubwi ukubwani yakashukia korodani, yupo aliyepigwa mionzi ya saratani, yupo mwenye uvimbe kwenye pituitari, na yupo aliyezaliwa na kromosomu X ya ziada. Hao ndio tiba hii ilikusudiwa wao. Mzee wa miaka 60 ambaye homoni imeshuka kidogo kwa sababu ya umri na kitambi yuko kundi jingine, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, hata mwaka 2025 iliendelea kutaka maelezo ya dawa hizi yaseme kwamba usalama na faida yake kwa mtu wa namna hiyo havijathibitishwa.

Nijibu moja kwa moja: inapandisha presha au haipandishi?

Inapandisha. Kwa wengi ni kidogo.

Tunajua hivyo kwa sababu watengenezaji walilazimika kuwafunga wanaume mashine ya mkononi inayopima presha saa 24, mchana kila baada ya dakika chache na usiku mtu akiwa amelala, kabla ya kuanza dawa na miezi kadhaa baadaye. Xyosted, sindano ya kujidunga chini ya ngozi iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2018, ilipandisha namba ya juu kwa takriban milimita 4 za zebaki. Jatenzo, kidonge kilichoruhusiwa mwaka 2019, ilipandisha namba ya juu kwa 4.9 na ya chini kwa 2.5 baada ya miezi minne. Kyzatrex, kidonge kingine cha mwaka 2022, ilipandisha ya juu kwa 1.7. Zote tatu ziliingia sokoni zikiwa na onyo zito la presha ndani ya kisanduku cheusi, juu kabisa ya maelezo ya dawa.

Milimita nne tu? Mimi nikipanda ngazi inapanda ishirini.

Ukipanda ngazi inapanda, ukikaa inashuka. Hii ya dawa inakaa nawe mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi, na mishipa ya moyo, ya ubongo na ya figo ndiyo inayobeba.

Halafu huo ni wastani. Ndani yake yumo ambaye hakupanda kabisa na yumo aliyepanda 12. Huwezi kujua wewe ni yupi kwa kujitazama kwenye kioo, wala kwa kusikiliza mwili, kwa sababu presha haiumi. Na inategemea umeanzia wapi. Mtu wa 112/70 akifika 117 hajafika popote. Mtu wa 138/88, yule ambaye kila akija tunamwambia "iko mpakani mzee, punguza chumvi", akiongezewa tano amevuka 140, na sasa ni mgonjwa wa presha.

Inapandishaje?

Njia zinazojulikana ni kadhaa, na zinaweza kufanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni damu kuwa nzito. Testosteroni husukuma mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi. Maabara hupima kitu kinachoitwa hematokriti, yaani katika damu yako, sehemu gani ni chembe na sehemu gani ni maji. Fikiria uji. Ule mwepesi unapita kwenye mrija bila shida. Ongeza unga, uone utakavyovuta kwa nguvu. Moyo nao unavuta hivyo.

Ya pili ni chumvi na maji. Homoni hii huufanya mwili uyazuie, hasa mwanzoni, ndiyo maana wengine huona viatu vinabana jioni au mizani imepanda kilo mbili ndani ya wiki chache na wakadhani ni misuli. Kuna pia usingizi, ambao nimeupa swali lake hapo chini.

Upande wa pili wa sarafu upo, na ni haki kuutaja. Mwanamume mwenye upungufu wa kweli akitibiwa hupunguza mafuta mwilini na kuongeza misuli. Sijaona bado mtu akiachishwa dawa za presha kwa ajili hiyo, lakini uzito ukipungua presha nayo hunufaika.

Nilisikia inasababisha mshtuko wa moyo. Ni kweli?

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 2015 FDA iliamuru dawa zote za testosteroni ziandikwe kwamba huenda zinaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na ikawataka watengenezaji wafanye utafiti mkubwa. Utafiti huo unaitwa TRAVERSE na matokeo yake yalitoka mwaka 2023. Wanaume zaidi ya 5,200 wa miaka 45 hadi 80, wote wenye testosteroni ya chini na wote wenye ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata, waligawanywa: nusu walipaka jeli ya dawa kila siku, nusu jeli tupu. Vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa pamoja viliwapata asilimia 7.0 ya waliopaka dawa na asilimia 7.3 ya waliopaka jeli tupu. Kwa maneno mengine, sawa.

Wengi huishia kusoma hapo, na wauzaji wa dawa hizi mtandaoni hupenda muishie hapo. Endelea. Waliotumia dawa walipata zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio (asilimia 3.5 dhidi ya 2.4), figo kuumia ghafla (2.3 dhidi ya 1.5) na donge la damu kwenye mapafu (0.9 dhidi ya 0.5). Tena hawa walikuwa watu wanaofuatiliwa: damu yao ilipimwa, dozi ikapunguzwa homoni ilipozidi au damu ilipokuwa nzito. Aliyenunua kichupa akajidunga chumbani hayumo kwenye takwimu hizo.

Februari 2025 FDA ikabadilisha maelezo. Lile onyo la mshtuko wa moyo na kiharusi liliondolewa kwenye kisanduku, matokeo ya TRAVERSE yakaingizwa, na onyo la presha likatakiwa kuwekwa kwenye testosteroni zote, ziwe jeli, sindano au vidonge. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba "Wamarekani wameisafisha", mwambie wamesafisha upande mmoja na kupigia mstari mwingine.

Sindano, jeli au vidonge: ipi ina nafuu kwa presha?

Zote zinaweza kupandisha. Tofauti kubwa iko kwenye uzito wa damu, na hapo sindano za muda mfupi, zile za kila wiki moja au mbili, ndizo zenye tabia mbaya zaidi. Homoni inaruka juu siku chache za kwanza kisha inaporomoka, na huko kuruka ndiko kunakojaza chembe nyekundu. Jeli inakwenda taratibu. Sindano ya muda mrefu, ile ya mafuta ya miligramu 1,000 inayodungwa taratibu kwenye msuli wa tako kila wiki 10 hadi 14, nayo ni tulivu kuliko ya kila wiki.

Hasara ya sindano ndefu ni kwamba ikishaingia haitoki. Presha ikipanda wiki ya pili, utasubiri miezi. Jeli unaacha kesho asubuhi.

Kwa wenye jeli, neno moja lisilohusu presha: osha mikono, funika mahali ulipopaka, na usimbebe mtoto kifuani kabla hujavaa shati. Watoto wamewahi kuota nywele za sehemu za siri kwa kugusa ngozi ya baba.

Tayari nina presha na natumia amlodipine. Ndiyo basi tena?

Hapana. Kuwa na presha hakukufungii mlango. Kinachotakiwa ni presha hiyo iwe imetulia kabla ya kuanza. Kama leo unasoma 158/96 na vidonge unavimeza siku unazovikumbuka, daktari mwenye busara atakwambia tumalize hilo kwanza. Ukishaanza, huenda dozi ya amlodipine ikaongezwa au ukawekewa dawa ya pili, na hilo lijadiliwe mapema usije ukaliona kama adhabu.

Ambao mlango kwao umefungwa, angalau kwa sasa, ni waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miezi sita, wenye moyo ulioshindwa kazi na haujadhibitiwa, wenye saratani ya tezi dume, na wale ambao hematokriti iko juu hata kabla hawajaanza.

Nahisi dawa za presha ndizo zilizonimaliza. Si afadhali niziache nichome homoni?

Hili naulizwa kuliko yote, na huwa naomba mtu akae kwenye benchi kwanza.

Baadhi ya dawa za presha zinaweza kugusa nguvu za kiume. Za kukojosha kama hydrochlorothiazide zinatajwa, na atenolol na propranolol pia. Losartan na amlodipine kwa kawaida hazina lawama hiyo. Kwa hiyo anayelalamika anaweza kubadilishiwa, na ni jambo la dakika kumi kwa daktari. Lakini presha yenyewe, na kisukari ambacho mara nyingi huja nayo, huharibu mishipa midogo, na mishipa ya uume ni midogo kuliko ya moyo, kwa hiyo inaonyesha dalili mapema. Ukiacha dawa ili kuokoa ndoa, unakiachia kile kilichoanza kuiharibu kiendelee na kazi.

Na kuwa na shida ya kusimamisha hakumaanishi testosteroni iko chini. Wengi wanaopima huikuta iko sawa kabisa, na kuongeza juu ya kinachotosha kunabakiza madhara tu.

Nipime nini kabla ya kuanza?

Testosteroni yenyewe, mara mbili, siku tofauti, asubuhi na mapema kabla ya kula. Homoni hii huwa juu alfajiri na hushuka mchana, kwa hiyo kipimo cha saa tisa alasiri baada ya pilau kinaweza kukupa ugonjwa usio nao. Usipime ukiwa na malaria au homa nyingine. Ugonjwa wowote mzito huishusha.

Angalieni vizio, jamani. Kipimo kilekile maabara moja itaandika 300 ng/dL, nyingine 3.0 ng/mL, nyingine 10.4 nmol/L. Zote tatu ni kiwango kimoja, ule mstari wa chini uliotumika kwenye TRAVERSE. Nimewahi kushikiwa karatasi na kijana wa miaka 29 aliyekuwa anatetemeka: "Mimi nina 5.8, na kwenye simu wameandika mwanamume lazima afike 300." Ilikuwa 5.8 ng/mL, yaani 580. Alikuwa mzima kama kigongo. Alinunua panadol akaondoka.

Pamoja na hiyo, pima picha ya damu kuona hematokriti, kipimo cha tezi dume kama umri umefika, sukari, figo, na presha kwa siku kadhaa mfululizo ziandikwe kabla dozi ya kwanza haijaingia. Bila namba za mwanzo, baadaye hamtajua kama dawa imepandisha au ulikuwa hivyo siku zote.

Nikipima nyumbani nafanyaje ili namba ziwe za kweli?

Kojoa kwanza. Kaa dakika tano kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili sakafuni, usikunje nne. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, na usiongee, hata kama mjukuu anakuuliza unafanya nini. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati, andika zote na tarehe.

Kisha kuna kitambaa, kile cha mashine kinachofungwa mkononi. Mteja wangu mmoja, dereva wa lori, mkono kama gogo la mwembe, alikuwa analeta daftari lenye 160 juu ya 100 kila siku tangu aanze sindano. Daktari alishaandika kumsimamishia. Nikamwambia alete mashine. Kitambaa kilikuwa cha ukubwa wa kawaida, kimefungwa kwa shida, gundi yake imeshika kwa ncha tu, na akivuta pumzi kinaachia. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hupandisha namba za uongo. Tulipompima kwa kikubwa akasoma 142/90. Bado ilikuwa juu, na bado dozi ilibidi iangaliwe, lakini ni habari nyingine kabisa. Ukubwa umechapwa kwenye kitambaa chenyewe kwa sentimita. Pima mzunguko wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani ulinganishe.

Ukianza tiba, mimi hushauri kupima siku mbili tatu kwa wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo. Ikitulia, punguza.

Hematokriti yangu imefika 55. Ni mbaya?

Asilimia 54 ndiyo mstari. Ukivuka, tiba husimamishwa mpaka ishuke, kisha huanzwa upya kwa dozi ndogo au kwa aina nyingine. Usitarajie ishuke wiki ijayo: chembe nyekundu huishi karibu siku 120, kwa hiyo zinazozunguka sasa zina miezi yao. Mtafute daktari atazame pia kama unavuta sigara au kama usingizi wako una shida, maana vyote viwili hupandisha.

Mke wangu analalamika nakoroma zaidi tangu nianze.

Msikilize, na umuulize kitu kimoja: kati ya makoromo, kuna kimya? Mtu anayekatika pumzi usingizini hukoroma, hunyamaza sekunde kadhaa, kisha hushtuka kama aliyeibuka majini. Kila anapokatika presha huruka. Testosteroni inaweza kuizidisha hali hiyo, hasa kwa mwenye shingo nene na kitambi. Mke ndiye shahidi wa pekee; nenda naye kliniki.

Dawa gani nyingine niwe nazo makini?

Diclofenac na ibuprofen ndizo zinazonisumbua, kwa sababu watu huzila kama karanga kwa ajili ya mgongo. Zinazuia chumvi na maji na kupandisha presha, na ukiziweka juu ya testosteroni umepakia mzigo juu ya mzigo. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine vilevile. Wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, wamwambie daktari, kwani testosteroni inaweza kuizidisha nguvu. Na wenye kisukari huenda wakahitaji insulini kidogo kuliko zamani.

Na vijana wa gym?

Hao hawarudishii kitu. Wanachoma mara kadhaa ya dozi ya hospitali, huku wakichanganya aina mbili tatu. Milimita nne nilizozitaja juu haziwahusu. Wao presha yao hupanda zaidi na kuta za moyo hunenepa. Ukiwa mmoja wao, nunua mashine ya presha kwa pesa ya kichupa kimoja. Siku utakapoona 170 huenda tukaongea.

Vumbi la Kongo je? Ni la asili.

Sijui ndani ya pakiti yako mna nini, na aliyekuuzia hajui. Unga wa asili hauandikwi vipimo. Ninachokijua ni kwamba dawa za "nguvu" zisizo na nembo hupatikana duniani kote zikiwa zimechanganywa kimyakimya na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, na sildenafil ikikutana na vidonge vya kifua vya jamii ya nitrati presha huporomoka hadi mtu kuzimia au kufa. Hatari hapo ni presha kushuka.

Dalili zipi nisisubiri asubuhi?

Presha ya 180/120 au zaidi pamoja na kichwa kuuma vibaya, kuona ukungu, kifua kubana au kuchanganyikiwa. Mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata ghafla. Moyo kudunda bila mpangilio ukiwa umekaa. Nenda usiku huohuo, na utaje kwamba unatumia testosteroni, hata kama umeongozana na mama mkwe.

Nikiacha, presha itarudi ilivyokuwa?

Sehemu iliyoletwa na dawa kwa kawaida huondoka, maji na chumvi mapema, uzito wa damu baada ya miezi. Lakini usiache kimyakimya. Ulipokuwa unapokea homoni kutoka nje, pituitari ilipumzika na korodani zikalala. Kuamka kwake huchukua wiki au miezi, na katikati hapo utajisikia hovyo. Hiyo pia ndiyo sababu mwanamume anayetafuta mtoto hapewi testosteroni: inazima mbegu, kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume.

Mashine yangu ya presha, mke wangu anaweza kuitumia?

Anaweza, mradi kitambaa kimtoshe na kila mmoja awe na ukurasa wake kwenye daftari. Nimeshuhudia nyumba tatu sasa ambako mashine ilinunuliwa kwa ajili ya homoni za baba, na aliyekutwa na 170 alikuwa mama.